Tuulize kwa Karatasi na kwa Tarehe

WARAKA KWA WANACHAMA

Kutoka: Katibu
Kwa: Wanachama wote, yaani wazazi, walezi na mafundi wa Nyamasaria na vitongoji vyake
Kuhusu: Fedha na usimamizi wa vyuo vya ufundi wanakosoma watoto wetu

Ndugu wanachama,

Waraka huu ni mrefu kuliko tulivyozoea. Naomba usomwe wote, na asiyeweza kuusoma asomewe, kwa sababu mwisho wake una maazimio ambayo nitayaleta mbele yenu tuyapigie kura.

Katika mikutano yetu ya karibuni, habari za vyuo zimekuwa zikiletwa chini ya "mengineyo" na kumalizwa kwa maneno mawili: pesa zimeliwa. Mzazi mmoja analalamika kwamba mwanawe anasomea uchomeleaji na hajashika mashine tangu muhula uanze. Mwingine anasema bweni lililowekewa jiwe la msingi limebaki kuta tupu. Mwingine amerudishiwa mtoto nyumbani kwa ajili ya karo, ilhali alisikia redioni kwamba serikali inamlipia. Malalamiko haya yanauma, na anayeyatoa ana haki ya kusikilizwa. Lakini neno "zimeliwa" halijawahi kurudisha hata shilingi moja. Halitaji ofisi, halitaji kiasi, halitaji tarehe. Kwa hiyo hakuna afisa anayelazimika kulijibu.

Ombi langu ni moja, na mengine yote humu ni maelezo yake. Kila tunapotaka kuuliza pesa ziko wapi, tuulize badala yake: karatasi fulani, iliyopaswa kuwa mezani kwa fulani, kufikia tarehe fulani, iko wapi? Sheria za nchi hii zimepanga usimamizi wa vyuo vya umma kwa ngazi nyingi, kuanzia bodi ya chuo hadi Bunge. Kila ngazi hufanya kazi kwa maandishi. Maandishi hayo ni mali ya umma, na umma ni pamoja nasi wa Nyamasaria.

1. Kwa nini jambo hili ni letu

Vyuo vya ufundi havikuanzishwa na serikali peke yake. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi wataelekea wapi. Kutokana na swali hilo zikazaliwa politekniki za vijiji, nyingi zikiwa kwenye viwanja vya makanisa na mashamba yaliyotolewa na wenyeji. Miaka ya 1970 ikaja na vyuo vya teknolojia vya harambee. Hapa kwetu wazee walichanga ili Ramogi, chuo ambacho sote tunakiita RIAT, kisimame. Waliochanga walikuwa wafanyakazi wa kawaida, na wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasa la ufundi.

Kwa hiyo tunapozungumzia fedha za vyuo, tunazungumzia michango ya baba zetu, kodi tunayolipa leo tunaponunua unga na vyuma, na karo tunayotuma kwa simu kila muhula. Tumelipa kwa njia tatu. Anayelipa mara tatu hahitaji kuomba radhi anapotaka kuona hesabu.

Tena wakati ni huu. Samaki wa ziwa hawatoshi tena kumlisha kila kijana anayezaliwa kando yake. Lakini kazi za mikono zipo. Bandari ya Kisumu imefufuliwa, na meli ya MV Uhuru II imeundwa papa hapa mjini kwa mikono ya wachomeleaji, mafundi umeme na mafundi mitambo. Barabara kubwa, nyumba za ghorofa na mitambo ya maji inataka watu waliofunzwa sawasawa. Kijana aliyepewa cheti bila kushika mashine hataajiriwa huko, na akijiajiri atatuharibia jina sisi mafundi wote. Chuo kinachosimamiwa vibaya kinamwibia mzazi karo, kisha kinamwibia mtoto miaka miwili au mitatu ya ujana ambayo hakuna bodi inayoweza kuirudisha.

2. Jua kwanza chuo ni cha nani

Barua nyingi za malalamiko hupotea kwa sababu zimeandikiwa mlango usio wake. Mzazi anamwendea mwakilishi wadi kwa jambo la Nairobi, au anamlaumu Waziri kwa jambo la kaunti. Tutofautishe aina nne.

Ya kwanza ni vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, ambavyo wengi wetu bado tunaviita politekniki za vijiji. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti kazi hii kwa jina. Mlango wake ni idara ya elimu ya Kaunti ya Kisumu, na msimamizi wa matumizi yake ni Bunge la Kaunti.

Ya pili ni vyuo vya serikali kuu: vyuo vya kiufundi pamoja na politekniki za kitaifa, kama Kisumu National Polytechnic, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2016. Hivi viko chini ya Wizara ya Elimu, na hesabu zake hufika Bunge la Taifa.

Ya tatu ni kituo cha NITA hapa Kisumu, kilicho chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mamlaka hiyo hupata sehemu ya fedha zake kutoka kwa waajiri, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Wanachama wenye karakana zilizoandikishwa wanaolipa tozo hiyo wana haki ya kuuliza inarudi vipi kwao kama mafunzo.

Ya nne ni vyuo vya watu binafsi, vile vyenye vibao juu ya maduka. Hivi havipati mgao wa serikali, lakini haviko nje ya sheria. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka inayojulikana kwa kifupi kama TVETA. Kazi yake ni kusajili na kutoa leseni kwa vyuo vyote, vya umma na vya binafsi, na pia kwa wakufunzi. Mzazi asilipe hata ada ya fomu kabla ya kuona usajili wa chuo na kozi anayotaka mwanawe. Kozi inaweza kuwa haijaidhinishwa hata kama chuo kimesajiliwa.

3. Fedha zinafika kwa njia gani

Hapa ndipo penye kiini, na naomba tukae kidogo.

Kwa vyuo vya serikali kuu, mwaka 2018 serikali ilianza kutoa mgao wa shilingi 30,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Karo ilikuwa 56,420, hivyo mzazi alibaki na 26,420, na mwanafunzi asiyejiweza angeweza kuomba mkopo kutoka Bodi ya Mikopo, HELB. Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya unaogawa gharama kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa nyumba. Karo ya mwaka ikawekwa kuwa 67,189. Mfumo huo umezua maswali mengi, hata mahakamani. Lakini chini ya mfumo wowote kuna jambo lisilobadilika: fedha za umma huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kuulizia katika chuo cha serikali kuu ni idadi ya wanafunzi iliyotumwa wizarani ili waombewe fedha, na ya pili ni kiasi kilichopokewa kwa ajili yao na siku kilipopokewa. Idadi ikizidi waliomo darasani, kuna swali. Fedha zikiwa zimechelewa miezi mingi, kuna swali jingine, na swali hilo ni la Hazina ya Kitaifa wala si la mkuu wa chuo.

Kwa vituo vya kaunti, hadithi ni tofauti, na nadhani wengi wetu hatukuambiwa. Kwa miaka kadhaa tangu mwaka wa fedha 2017/18, serikali kuu ilikuwa ikituma kwa kaunti ruzuku yenye masharti, takriban shilingi bilioni 2 kwa mwaka kwa nchi nzima, mahsusi kwa ajili ya vituo hivi. Kipimo kilikuwa shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi. Fedha hizo zilikuwa na jina. Kaunti haikuruhusiwa kuzijengea barabara wala kuzilipia posho.

Kisha mwaka wa fedha 2021/22 mgao wa jumla wa kaunti ulipanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Ndani ya ongezeko hilo ziliingizwa ruzuku nne zilizokuwa na masharti, zenye jumla ya takriban bilioni 17: ya hospitali kuu za kaunti, ya ada za matibabu zilizofutwa, ya ukarabati wa barabara, na hii ya politekniki za vijiji. Fedha hazikufutwa. Zilivuliwa jina na kumiminwa katika chungu kimoja.

Tazameni maana yake. Kabla ya hapo, kijana wa Kolwa alikuwa na 15,000 zake zilizoandikwa katika sheria ya Nairobi. Tangu hapo, 15,000 hizo zipo tu ikiwa kaunti itaamua kuzitenga kila mwaka, na Bunge la Kaunti likakubali. Zikishindana na lami, zahanati na mishahara, anayezitetea ni nani? Mkuu wa kituo hana kura. Mwanafunzi hana habari. Kama mzazi hayuko ukumbini siku bajeti inapojadiliwa, zitapungua bila mtu yeyote kuvunja sheria wala kuiba. Na sisi tutakaa hapa Nyamasaria tukisema zimeliwa, kumbe hazikuandikwa kabisa.

Ndiyo maana nasema usimamizi mkubwa zaidi kwa vituo vya kaunti hufanyika kabla ya pesa kutoka. Mkaguzi anaweza kukamata shilingi iliyotumiwa vibaya. Hawezi kukamata shilingi ambayo haikutengwa.

Basari nayo ina mipaka yake. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba haziwezi kulipia basari za shule na vyuo vilivyo chini ya serikali kuu bila makubaliano rasmi ya maandishi kati ya serikali hizo mbili, na jambo hilo likafika mahakamani. Mzazi anayeahidiwa basari na kiongozi yeyote aulize: inatoka mfuko gani, na chuo cha mwanangu ni cha serikali ipi? Jibu la maswali hayo mawili litamwepusha na ahadi isiyo na msingi.

4. Ngazi za usimamizi, na mahali zinapokatika

Ngazi ya kwanza ni bodi ya magavana, au baraza kwa politekniki za kitaifa. Hao ndio waajiri wa baadhi ya wakufunzi, wapitishaji wa bajeti ya chuo na wasimamizi wa mali yake. Bodi haikuwekwa ili kumpigia mkuu wa chuo makofi. Je, mnamjua hata mjumbe mmoja wa bodi ya chuo anakosoma mtoto wenu? Orodha ya majina hayo si siri, na inapaswa kuwa ukutani katika ukumbi wetu.

Ngazi ya pili ni TVETA, inayokagua ubora wa mafunzo: karakana, vifaa na sifa za wakufunzi. Mtoto asiyeshika mashine ni jambo lao, hata kama vitabu vya hesabu ni safi.

Ngazi ya tatu ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 229 ya Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika akague na kutoa ripoti. Ripoti hiyo hupelekwa Bungeni au kwa Bunge la Kaunti, ambalo lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa vyuo vya serikali kuu, kamati ya Bunge la Taifa inayohusika ni ile ya uwekezaji wa umma katika masuala ya utawala na elimu, ambayo huwaita wakuu wa vyuo kujieleza.

Tujifunze kusoma ripoti hizo. Mkaguzi hutoa maoni ya aina nne. Kuna hati safi, yaani hesabu zinaonyesha hali halisi. Kuna hati yenye shaka, yaani nyingi ni sawa isipokuwa mambo yaliyotajwa. Kuna hati mbaya, yaani hesabu haziaminiki. Na kuna hali ambapo mkaguzi anakataa kutoa maoni kwa sababu hakupewa vitabu vya kutosha. Wengi hudhani hati mbaya ndiyo ya kutisha zaidi. Mimi naogopa zaidi ile ya mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chuo kisicho na daftari hakiwezi hata kuthibitisha kwamba hakikuibiwa. Wala hati safi si cheti cha elimu bora. Inasema tu kwamba vitabu vinakubaliana na matumizi.

Ngazi hizi zinakatika wapi? Zinakatika mwishoni. Ripoti huandikwa na kuchapishwa. Kamati hukaa Nairobi, mkuu wa chuo husafiri kwenda kujieleza, naye hurudi bila wazazi kujua aliulizwa nini na alijibu nini. Mwaka unaofuata hoja ile ile hurudi, imeandikwa kwamba haijatatuliwa. Mkaguzi hana mamlaka ya kumfuata mtu chuoni kila wiki, na mbunge ana vyuo vingi mbele yake. Mwenye sababu ya kufuatilia hoja moja ya chuo kimoja hadi iishe ni mzazi wa mtoto aliyemo.

Tusidhani udhaifu huu ni wa Afrika. Uingereza iliviachia vyuo vyake vya aina hii vijiendeshe vyenyewe tangu Aprili 1993, kila kimoja na bodi yake. Mei 2019 Hadlow College, katika jimbo la Kent, kikawa chuo cha kwanza kuwekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi chini ya sheria mpya ya nchi hiyo. Serikali ikamwagiza Dame Mary Ney achunguze jinsi wizara na mashirika yake yalivyosimamia fedha za vyuo. Ripoti yake ya 2020 ilitaka serikali iwe karibu zaidi na vyuo na itambue hatari mapema, kabla chuo hakijazama. Novemba 2022 vyuo hivyo vikarudishwa rasmi katika hesabu za sekta ya umma. Nchi yenye wahasibu tele na sheria nene ilichelewa kugundua chuo kinachofilisika. Wenzetu walijifunza kwa gharama kubwa kwamba msimamizi wa mbali huona kile tu anachoandikiwa. Sisi tuko karibu. Tunapita langoni kila siku, na ukaribu huo ndio mchango wetu.

5. Kalenda ya kubandika ukutani

Kila mwanachama anakili tarehe hizi.

Kufikia 1 Septemba, kaunti inapaswa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka. Kama ukarabati wa kituo haumo humo, ni vigumu kuingia katika bajeti baadaye.

Kufikia 30 Septemba, chuo kinapaswa kuwa kimewasilisha hesabu za mwaka uliomalizika 30 Juni kwa Mkaguzi Mkuu.

Kufikia 31 Desemba, miezi sita ya ukaguzi inatimia. Kuanzia Januari tuanze kuulizia ripoti.

Kufikia 28 Februari, kaunti inatoa mkakati wake wa fedha, unaoweka kikomo cha kila idara. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi hawaijui, na ndiyo yenye uzito. Kikomo cha idara ya elimu kikiwekwa chini Februari, mayowe ya Juni hayatakipandisha.

Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanafika Bunge la Kaunti. Kamati hualika maoni ya wananchi.

Kufikia 30 Juni, sheria ya matumizi inapaswa kupitishwa.

Zaidi ya hayo, Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya matumizi ya kaunti kila robo mwaka. Kutokana na ripoti hizo tunaweza kuona fedha zilizotengwa na zile zilizotumika kweli. Na kaunti inatakiwa na sheria kuwa na jukwaa la bajeti na uchumi, lenye wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Tujue ni nani anayetuwakilisha humo, na tumpe ujumbe wetu kwa maandishi.

6. Barua moja yenye nguvu

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeeleza njia. Unaandika ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, unataja habari unayotaka kwa undani wa kutosha, na hulazimiki kueleza sababu. Huwezi kutozwa ada ya kuwasilisha ombi, ingawa unaweza kulipia gharama ya nakala. Ofisi inapaswa kukujibu haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, unaweza kupeleka jambo kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, ndani ya siku 30. Tume hiyo ina ofisi hapa mjini Kisumu, na kutoka stejini kwetu hadi huko ni safari fupi ya matatu.

Barua isiwe ya hasira. Iwe ya namna hii: "Tunaomba nakala ya hesabu za chuo za mwaka wa fedha uliomalizika 30 Juni, idadi ya wanafunzi walioombewa mgao katika kila muhula, tarehe na kiasi cha mgao kilichopokewa, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi pamoja na majibu ya chuo." Itiwe sahihi, ipelekwe kwa mkono, na nakala yetu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila muhuri huo, siku 21 hazijaanza kuhesabiwa machoni pa mtu yeyote.

Majibu yakionyesha dalili ya wizi, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi nayo ina ofisi Kisumu. Ibara ya 226 inasema afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria anawajibika yeye binafsi kwa hasara. Lakini tufike huko tukiwa na karatasi mkononi.

7. Mwenendo wetu wenyewe

Ndugu zangu, naomba tuwe watu wa haki. Si kila chuo kinachokosa vifaa kina mwizi. Mkuu wa chuo ambaye mgao wake umechelewa anakopa unga kwa wauzaji na kuwaomba wakufunzi walioajiriwa na bodi wavumilie bila mshahara. Tukimwita mwizi mbele ya watoto, tunamvunjia heshima mtu ambaye angeweza kuwa mshirika wetu wa kwanza. Tukimpelekea swali lenye tarehe, tunampa nafasi ya kuonyesha barua alizoandika kudai fedha hizo, na kuanzia hapo tunazidai pamoja. Sisi mafundi hatukati chuma kwa kukisia. Tunapima kwanza, na neno linaloweza kumvunja mtu lipimwe vivyo hivyo.

Pili, jambo hili lisiwe ngazi ya mtu kupandia siasa. Anayetaka kugombea udiwani au ubunge ana uhuru wake, lakini asitie sahihi barua zetu wala asiwe msemaji wetu mbele ya bodi. Wakubwa wakisema tunatumiwa, wawe hawana pa kushika.

Tatu, mafundi miongoni mwetu wanaotaka zabuni za vyuo wazitafute kwa njia ya wazi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tujiandikishe na tushindane. Lakini mwanachama anayeuzia chuo vitanda au madirisha asikae katika kamati yetu ya kukifuatilia chuo hicho. Hatuwezi kuwadai wengine watenganishe maslahi huku yetu yamefungamana.

Nne, vitabu vya chama chetu vifunguliwe kwanza. Hesabu za michango yetu zisomwe kila robo mwaka, na risiti ziwe mezani kwa yeyote anayetaka kuziona. Nimekwisha kuzungumza na mweka hazina, naye yuko tayari.

8. Maazimio ninayoleta mbele yenu

Mkutano ujao ajenda hii isiwe "mengineyo". Iwe ya kwanza, na tupige kura juu ya mambo haya:

(a) Tuchague kamati ya watu watano ya kufuatilia vyuo, watatu au zaidi wakiwa akina mama, na angalau mmoja akiwa kijana anayesoma au aliyemaliza chuo cha ufundi hivi karibuni.

(b) Kila mzazi aandikishe kwa kamati jina la chuo cha mwanawe na kozi anayosomea, ili tujue tuna watoto wangapi katika kila chuo na kila chuo kiko chini ya serikali ipi.

(c) Kamati iandike barua ya kuomba habari kwa kila chuo cha umma chenye watoto wetu, kwa mfano niliouweka hapo juu, na kutuletea majibu, au ukimya, katika mkutano unaofuata siku ya 21.

(d) Ripoti ya ukaguzi ya kila chuo isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, hoja moja baada ya nyingine, na kila hoja ipewe mtu wa kuifuatilia hadi ijibiwe.

(e) Kabla ya Februari tuwasilishe kwa idara ya fedha ya kaunti na kwa mwakilishi wadi wetu ombi moja la maandishi: bajeti ionyeshe mstari wake wenyewe wa mgao wa kila mwanafunzi katika vituo vya ufundi vya kaunti, wenye kiasi na idadi ya wanafunzi. Jina ambalo fedha hizo zilipoteza mwaka 2021, tuombe lirudishwe na Bunge letu la Kaunti. Ikishindikana kwa maoni, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatupa haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi, nasi tuitumie.

(f) Chama kilipe nauli za kamati kutoka mfuko wa kawaida, na kila safari iwe na risiti.

Haya si mambo makubwa kupita uwezo wetu. Hayahitaji wakili wala mfadhili. Yanahitaji watu watano wenye subira, rimu moja ya karatasi, na wanachama watakaokuja ukumbini siku ya kazi, hata kama kufunga karakana nusu siku kuna hasara yake. Najua hasara hiyo, na siiombi kwa wepesi. Lakini kijana mmoja aliyefunzwa sawasawa atailipa mara nyingi, na vijana wetu ni wengi.

Serikali imeweka wasimamizi. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kila msimamizi, anapokaa mezani pake, anakuta barua ya Nyamasaria inayosubiri jibu, na anajua siku tutakayokuja kulichukua. Njooni tupige kura.

Wenu katika kazi hii,

Katibu
Nyamasaria, Kisumu